Kasha la Manitoli kwenye Chumba cha Baridi

Wanangu wa famasi, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Mtu aliyekwisha kuacha kazi hana haja kubwa ya saa, lakini nimeitundika, na inakwenda. Mlinitaka pia niandike niliyoyaona. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika zaidi habari za mwaka wangu wa kwanza, maana karibu yote niliyowafundisha yalitoka humo. Tena kuna jambo moja ambalo sikuwahi kuwasimulia, hata pale nilipokuwa nikiwagombeza kwa kuweka chupa pahala pasipo pake.

Nilifika London miaka michache baada ya Mapinduzi. Habari za kuondoka Unguja sitaziingia. Kila mtu wa rika langu ana zake, na nyingine hazisemeki. Nilikaa Lewisham kwa kaka yangu, chumba kimoja juu ya duka la viatu, nikapata kazi katika famasi ya hospitali moja ya upande wa kusini. Siku hizo hospitali zilijitengenezea dawa nyingi zenyewe, na mimi niliwekwa msaidizi katika chumba cha kuchanganyia. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Kibali changu cha kukaa nchini kilifungamana na barua ya mwajiri, na kurudi nyumbani hakukuwezekana. Sisemi hivi kujitetea. Nataka mjue nilikuwa naogopa nini.

Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe lililonifika karibu na visigino. Nilikuwa nimesimama mlangoni nalikunja mikono, akatoka mzee wa Kihindi, mguu mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. Alinitazama, akasoma jina langu kwenye karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Tanga:

"Umekula, Zuwena?"

Nilikuwa sijasikia Kiswahili nje ya nyumba ya kaka yangu tangu nishuke kwenye ndege. Machozi yalinijaa. Nikamwambia sijala.

"Basi kaa ule kwanza. Mwenye njaa hukosea mizani."

Ndivyo nilivyomjua Mzee Jayanti, mkuu wa chumba kile, aliyezaliwa Tanga na kusomea dawa Bombay. Alinipa chapati mbili zilizofungwa kwenye kitambaa, akaningoja nimalize, kisha akapanga mezani bika tatu, vile vikombe vya kioo vya kuchanganyia.

Katika ya kwanza alinitilisha sukari kwenye maji baridi, kijiko baada ya kijiko, huku nakoroga. Ikafika pahala sukari ikakaa chini na haikuondoka.

"Koroga zaidi," akasema.

Nikakoroga mpaka mkono ukauma. Sukari ikazunguka, ikarudi kukaa chini.

"Umeona? Kukoroga kunaharakisha, hakuongezi. Kuisaga sukari ikawa unga nako kunaharakisha, hakuongezi. Maji haya yamekwisha kushiba. Sasa washa moto."

Nikawasha. Maji yalipopata joto ile sukari ya chini ikapotea, nikaongeza nyingine, nayo ikapotea. Maji baridi hubeba sukari kama mara mbili ya uzito wake. Yakikaribia kuchemka, karibu mara tano. Nilikulia katika mji wa halua, nikadhani jambo hilo halihitaji mzee wa Bombay kuja kunifundisha. Nilikuwa na kiburi kidogo siku zile.

Bika ya pili ilikuwa ya chumvi. Nikashibisha maji baridi kwa chumvi, nikapasha moto, nikangoja. Chumvi ya chini ikabaki chini, ikapungua kidogo sana. "Chumvi haijali," akasema. "Umpe joto, umpe baridi, ni ile ile." Mzee Jayanti alivizungumzia vitu vyote hivi kama watu wa mtaani kwao.

Bika ya tatu ilikuwa na maji ya chokaa, yaliyochujwa, maangavu kama maji ya kunywa. Tulikuwa tukiyachanganya na mafuta kwa ajili ya ngozi iliyoungua. Akaniuliza yatakuwaje yakipashwa moto. Nikasema, bila kufikiri, yatazidi kuwa safi. Tukayapasha, nayo yakaingia ukungu mbele ya macho yangu. Chokaa hupenda maji baridi. Ukiyatia joto, maji huiachia.

"Kwa hiyo usiniambie tena kwamba joto linayeyusha," akasema Mzee Jayanti. "Joto linayeyusha nini? Uliza kwanza jina lake na tabia yake. Hata hewa iliyomo kwenye soda hukimbia ukiipasha. Kila kitu na desturi yake."

Nililiandika hilo kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, nikaridhika kwamba nimelielewa. Kuandika na kuelewa ni mbalimbali, kama mtakavyoona.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mizani ya mawe kwenye sanduku la kioo, ambayo mtu akifungua mlango tu ilitikisika. Vijiti vya kioo vya kukorogea, ambavyo nilivivunja vingi mno. Beseni la maji moto lenye taa ndogo nyekundu. Na kipimajoto, ambacho Mzee Jayanti alikichomeka mfuko wa kifuani kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa na sheria: kabla ya kuandika kipimo chochote, andika joto. Dawa iliyoyeyuka kwenye chumba chenye moto si lazima ibaki imeyeyuka kwenye gari la kuipeleka wodini mwezi wa kwanza, baridi ya huku ikiwa kali. Alinifundisha pia kuangalia chupa mara mbili: mara moja mbele ya karatasi nyeupe, mara moja mbele ya karatasi nyeusi. Weupe huonyesha uchafu, weusi huonyesha fuwele, yaani chembe za dawa zilizoganda. Nyinyi mna mashine ya kufanya hivyo, lakini siku umeme ukikatika karatasi nyeusi haikatiki.

Mtu mwingine mnayepaswa kumjua ni Desmond. Alikuwa mchukuzi wa stoo yetu, mtu wa Barbados, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini, shemasi katika kanisa lao. Yeye ndiye aliyeyapokea makasha kutoka kwenye malori na kuyasukuma kwa toroli mpaka famasi. Bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu alipoanguka bandarini kwao ujanani, na kila kitu alikifanya taratibu. Aliniita "bibi mdogo" kwa Kiingereza chao, akinibebea mitungi ya maji yaliyosafishwa bila kuombwa, akiishika kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wangu wa nne majira ya baridi yaliingia kwelikweli. Ijumaa moja mchana nilikuwa napanga rafu peke yangu. Kulikuwa na kasha la chupa za manitoli, sukari ya dawa ambayo hupewa mgonjwa kwenye mshipa ubongo wake unapovimba. Huvuta maji kutoka kwenye uvimbe. Kasha lilikaa kwenye rafu iliyo juu ya bomba la kupashia nyumba joto. Nilipogusa chupa moja niliikuta ina vuguvugu, nikashtuka. Kwetu dawa hukaa kando ya mtungi wa maji, kivulini, pahala penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Mama yangu alimpiga kofi dada yangu mkubwa kwa kuacha chupa ya dawa ya kikohozi dirishani. Kwetu joto ndilo adui. Huharibu maziwa, huharibu nyama, huharibu dawa. Nikawaza, hawa watu wanaiacha dawa ya mshipa ipikike juu ya bomba! Nikalibeba kasha zima, nikalipeleka chumba cha baridi tulikoweka chanjo na insulini. Chini palikuwa pamejaa, nikalipandisha rafu ya juu kabisa. Nilikwenda zangu nyumbani nimefurahi kwamba nimeiokoa dawa.

Ubavuni mwa kasha yaliandikwa maelezo. Nilisoma jina la dawa, sikusoma mstari wa chini.

Manitoli katika chupa zile imo nyingi kuliko maji ya joto la kawaida yanavyoweza kuibeba kwa raha. Hutengenezwa kwa moto, na ikiwekwa mahali pa vuguvugu hukaa imeyeyuka. Ukiitia baridi maji huiachia, kama ile sukari yangu ya siku ya kwanza, ila hii hutoka kama sindano nyembamba nyembamba. Sindano hizo haziwezi kupelekwa kwenye mshipa wa mtu. Bomba lile lililonitisha ndilo lililokuwa ulinzi wake. Mzee Jayanti aliliweka kasha pale kwa makusudi, na hakuniambia kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la wazi. Yeye alikuwa ameishi na baridi miaka mingi, akasahau kwamba mimi sijaishi nayo.

Jumatatu asubuhi simu ililia kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Mwanamume mmoja, fundi wa paa, ameanguka kutoka kwenye ngazi na kupiga kichwa. Walitaka manitoli upesi. Mzee Jayanti alikwenda kwenye rafu, hakukuta kasha. Nikamwona anazunguka, anainama, anasogeza vitu. Nikasema, "Labda limo chumba cha baridi." Labda! Neno hilo nalikumbuka kuliko maneno yote niliyosema katika nchi hii.

Alitoka huko na chupa mbili mkononi, uso umembadilika. Ndani ya chupa mlikuwa kama mmemwagwa nyuzi za kioo.

"Beseni," akasema. "Haraka, lakini kwa utaratibu."

Mimi sikuwa na utaratibu. Niliichukua chupa ya kwanza nikaitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yanakaribia kuchemka, nayo ikapasuka toka shingo mpaka kitako. Mzee Jayanti alinisogeza pembeni kwa kiwiko. Alianza na maji ya vuguvugu, akaongeza moto kidogo kidogo, akaitikisa chupa ya pili, akairudisha, akaitikisa. Kila baada ya muda aliiinua mbele ya karatasi nyeusi. Simu ililia tena. Mara ya kwanza ilionekana safi, nami nikanyoosha mkono kuipokea. Akanionyesha chembe moja imejificha chini ya kifuniko cha mpira. Chembe ikibaki, dawa ikipoa, nyingine huifuata. Akairudisha kwenye maji. Ikawa safi. Kisha ikabidi ipoe mpaka joto la mwili, maana huwezi kumtia mtu maji ya kuunguza mshipani. Desmond alisimama mlangoni wakati wote huo, na ilipokuwa tayari aliibeba yeye, kwa mwendo ambao sikujua anao.

Ilipita zaidi ya nusu saa. Fundi yule alifariki siku ya tatu. Daktari aliandika kwamba jeraha lilikuwa kubwa na kwamba kuchelewa kule hakudhaniwi kuwa kulibadili mambo. Hakudhaniwi. Mimi nakijua Kiingereza cha hospitali, najua neno hilo huwekwa pahala gani.

Mkuu wa famasi, mama wa Kiingereza aliyekuwa mkali lakini si mwonevu, alituita sote ofisini. Akauliza nani alilipeleka kasha kwenye chumba cha baridi. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya Mzee Jayanti na kabati. Nilifungua mdomo, nikaiona barua ya mwajiri, nikaiona bandari ya Unguja na wale wenye bunduki waliokuwa wakingoja pale siku tuliyoondoka. Nikaufunga.

Wakamtazama Desmond. Makasha yalikuwa kazi yake.

"Sikumbuki kuliweka kule," akasema polepole. "Lakini naweka makasha mengi, mama. Siwezi kuapa."

Mtu mwongo angekana kwa nguvu. Yeye kwa sababu alikuwa mkweli alishindwa kujitetea. Alipewa onyo la maandishi, akahamishiwa chumba cha kufulia.

Siku tisa nilikaa hivyo. Nilikwenda kazini, nikapima, nikakoroga, nikaandika joto kabla ya kipimo. Kaka yangu aliniuliza kwa nini sili. Nilimwambia ni chakula cha nchi hii, ingawa chakula chenyewe alikipika yeye na kilikuwa wali wa nazi. Sala nilizisali kwa haraka, kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Siku ya tisa, wakati wa chai, Mzee Jayanti alifunga mlango wa chumba cha kuchanganyia.

"Zuwena, kasha lile lilikuwa rafu ya juu," akasema. "Desmond hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega, na kasha lile ni la mikono miwili."

Nikamtazama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipolishusha."

"Na ulinyamaza?"

"Nilikungoja wewe. Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Nilitaka useme."

"Mzee, watanifukuza. Nitakwenda wapi?"

"Huenda wakakufukuza," akasema. Hakuongeza neno la kunipoza.

Nilimheshimu mzee yule mpaka siku tulipompeleka kuchomwa kwa desturi ya kwao, na nilipokea kwake kila ninachokijua. Lakini nitasema na hili: siku tisa zile alizoningoja mimi, Desmond ndiye aliyezilipia. Mwalimu akitaka kumfunza mtu asitumie mgongo wa mwingine. Hilo sikumsamehe upesi, nami mwenyewe nilikuwa sina haki hata ya kumkasirikia.

Nilikwenda kwa mkuu siku ile ile. Nilisema yote, na la mtungi wa maji pia, ingawa sidhani alilielewa. Mwishowe akasema majaribio yangu yataongezwa miezi sita mingine, onyo la Desmond litafutwa, na tangu siku hiyo manitoli itakuwa na kabati lake la joto lenye maandishi makubwa. Ndilo hilo kabati mnalolalamika kwamba limekaa njiani. Kisha akasema, "Kwa Desmond utakwenda mwenyewe."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, mvuke umetanda. Nilimkuta anakunja mashuka kwa mkono mmoja na kidevu. Nilimweleza nimesimama, bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikipumzika nitaacha kitu. Hakuacha kukunja mpaka nilipomaliza.

"Siku mbili za mwanzo nilijua si mimi," akasema. "Siku ya tatu nikaanza kujiuliza. Baadaye nikawa nakumbuka kabisa, bibi mdogo. Nilijiona naliweka pale. Hata uzito wake niliukumbuka."

Akachukua shuka jingine.

"Jumapili nilikwenda kwa mke wa marehemu kumwomba radhi," akasema. "Nilimlilia. Alinipa chai."

Nilimwambia onyo limefutwa na anaweza kurudi stoo. Akasema atafikiri. Hakurudi, alikaa kufulia mpaka alipostaafu, na kila nilipomwuliza alisema kule kuna joto, bega linamfaa. Siku ile alinitazama tu, akaniambia mtaa na namba ya nyumba, akaendelea na mashuka yake.

Nilikwenda Jumamosi. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, ngazi za fundi bado zimeegemea ukuta wa pembeni. Mwanamke aliyefungua alikuwa wa makamo, amevaa sweta la kiume. Nilimwambia jina langu, pahala ninapofanya kazi, na kwamba mtu aliyekuja Jumapili hakuwa na kosa. Kasha nililihamisha mimi. Hakunipa chai, na sikuitarajia. Tulisimama ukumbini.

Aliniuliza swali moja. Kama dawa ingekuwa safi tangu mwanzo, mumewe angepona?

Jibu la daktari lilikuwa mdomoni mwangu tayari, limekunjwa vizuri, nami nililitaka kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake.

"Sijui, mama," nikasema. "Nadhani hakuna anayejua. Ninalolijua ni kwamba ilichelewa, na niliyeichelewesha ni mimi."

Aliushika mlango, nikadhani ananingoja niondoke. Kisha akaniuliza jina la yule mtu wa Jumapili. Siku ile alisahau kumwuliza, akasema, na sasa anataka kumwandikia barua amwambie kwamba si yeye. Akaleta kalamu na kipande cha karatasi, akaniwekea juu ya kabati la viatu. Nikaandika jina la Desmond, herufi kubwa, lisomeke. Alikuwa bado hajaipokea kalamu. Nikaandika na langu chini yake.